Simu ya Lugha Kumi na Tatu

Wengi wenu mmezoea kunisoma nikijadili vina na mizani. Wachache wanaonifahamu kwa karibu wanajua kuwa nina uraibu mwingine, nao ni wa simu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefuatilia simu mpya kama wengine wanavyofuatilia ligi ya mpira. Najua ukubwa wa kioo, uwezo wa betri na idadi ya kamera hata za simu ambazo sitarajii kuzigusa. Kwa hiyo Samsung ilipozindua Galaxy S24 Ultra mjini San Jose, California, tarehe 17 Januari 2024, sikushangaa kupata ujumbe kutoka kwa washairi kadhaa wakiniuliza kama inafaa kununuliwa. Safari hii swali lao lilikuwa na uzito kuliko kawaida, kwa kuwa simu hiyo haikunadiwa kwa kamera wala kwa kioo kwanza. Ilinadiwa kwa lugha.

Kampuni ilitangaza kwamba simu hii hutafsiri mazungumzo papo hapo. Wewe wazungumza kwa lugha yako, mwenzako wa upande wa pili asikia kwa lugha yake, naye akijibu wewe wamsikia kwa lugha yako, huku maneno yote yakiandikwa kiooni. Kazi hiyo hufanyika ndani ya simu yenyewe, bila sauti yako kusafirishwa kwenda kwenye kompyuta za mbali, na hilo ni jambo la kusifiwa. Kipo pia kipengele kinachochukua ujumbe ulioandika na kuugeuza uwe wa kiofisi, wa adabu au wa kirafiki. Yote haya ni kazi ya ile ambayo baadhi yetu tunaiita akili mnemba, wengine akili unde, na wengine bado akili bandia. (Mjadala wa istilahi hiyo nauacha kwa leo, nikiuanza sitarudi kwenye simu.)

Lugha zenyewe wakati wa uzinduzi zilikuwa kumi na tatu: Kichina, Kifaransa, Kihindi, Kihispania, Kiingereza, Kiitaliano, Kijapani, Kijerumani, Kikorea, Kipolandi, Kireno, Kithai na Kivietinamu. Nimeisoma orodha hiyo mara mbili kwa utaratibu wa alfabeti. Kiswahili hakimo.

Bei yake nchini Marekani wakati wa uzinduzi ilianzia dola 1,299.99. Iliyoitangulia, S23 Ultra, ilianzia dola 1,199.99. Kwa thamani ya dola ya wakati huo, hiyo ya S24 Ultra ilikuwa takriban shilingi milioni 3.25 za Tanzania kabla ya ushuru na faida ya muuza duka. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma nchini kilipandishwa mwaka 2022 hadi shilingi 370,000. Aliyelipwa kima hicho angefanya kazi miezi minane na zaidi bila kula, bila kulipa nauli wala kodi ya nyumba, ndipo ainunue.

Sitaki kuionea simu hii. Fremu yake ni ya titani, kioo chake kimetengenezwa kupunguza mng'ao wa mwanga, jambo ambalo sisi tunaosoma chini ya jua la Dar es Salaam tunalielewa haraka, na kampuni imeahidi kuipatia matoleo mapya ya mfumo na kinga ya usalama kwa miaka saba. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa wanunuzi, nami nimeipigia hesabu. Milioni 3.25 ukiigawa kwa siku za miaka saba inakuwa shilingi 1,272 kwa siku. Kuna watu wanaotumia zaidi ya hapo kwa soda na bando. Ila betri za aina hii huchoka kwa jinsi zinavyochajiwa, na sijaona betri iliyofika mwaka wa saba ikiwa na nguvu zake. Tena katika maandishi madogo ya tangazo la uzinduzi ilielezwa kuwa vipengele vya akili mnemba vingetolewa bure hadi mwisho wa mwaka 2025. Baada ya hapo hakukuwa na ahadi. Kwa maneno mengine, kile kilichonadiwa kuwa ndicho sababu ya kuinunua kilikuwa na uhakika wa miaka miwili kasoro, ndani ya ile saba.

Turudi kwenye orodha. Mtu anaweza kusema kwamba kampuni ilianza na lugha kubwa na zetu zitafuata. Lakini Kipolandi kina wazungumzaji wapatao milioni 40. UNESCO, iliyoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, huhesabu wazungumzaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Basi si wingi wa vinywa uliotumika kupima. Kilichotumika ni wingi wa mifuko, yaani ni wapi watu wananunua simu za bei hii kwa maelfu. Sioni dhambi katika hilo. Mfanyabiashara hupeleka samaki penye wanunuzi. Ila naomba tusiitane wajinga kwa kuambiwa kwamba ukuta wa lugha umeanguka. Umeanguka kwa waliokwisha kuwa na fedha ya kuuvuka.

Wala si kweli kwamba Kiswahili ni kigumu kwa mashine au hakina data. Google iliingiza Kiswahili katika programu yake ya tafsiri mwaka 2009. Katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, watu wa kujitolea wamesoma sentensi za Kiswahili kwa sauti zao wenyewe, saa nyingi, na sauti hizo ziko wazi kwa yeyote anayetaka kufunza mashine. Mali ipo, tena ya bure. Aliyekosekana ni wa kuichukua.

Anayeumia hapa si mshairi. Mshairi ataishi. Anayeumia ni mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kununua vitenge, viatu na vipuri. Huyu ndiye mtu ambaye tafsiri ya papo kwa papo ingemfaa kuliko wote: anapatana bei kwa simu na mwenye kiwanda asiyejua neno la Kiingereza, na kosa moja la tarakimu laweza kumla mtaji. Kichina kimo katika orodha. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo akinunua simu hii, itambidi kwanza aitoe hoja yake katika Kiswahili aipeleke kwenye Kiingereza alichokiokoteza, kisha simu iitoe kwenye Kiingereza hicho ipeleke kwenye Kichina. Kama Kiingereza chake kina kasoro, simu itaitafsiri kasoro kwa ufasaha mkubwa. Amelipa milioni tatu na ushee, na bado anahitaji mkalimani yule yule wa sokoni.

Sasa niseme la ushairi, maana najua ndilo mlilolisubiri.

Tuchukulie Kiswahili kimeingizwa. Nitafurahi, lakini shaka yangu haitaisha, itabadili sura tu. Fikirini sentensi hii nyepesi: mpenzi wangu ameondoka, hajaaga. Katika Kiswahili hatujui kama mpenzi huyo ni mwanamume au mwanamke, na katika tungo zetu nyingi hatutakiwi kujua. Ngeli ya kwanza humfunika mtu kama buibui. Malenga wengi wamejificha humo, wakasema ya moyoni mbele ya baraza zima bila mtu kunyooshewa kidole. Ukiipeleka sentensi hiyo kwenye Kiitaliano, lazima uchague: kitendo kile cha kuondoka hudai jinsia ya aliyeondoka, na neno la mpenzi vilevile. Mashine haitakuuliza. Itachagua kwa kufuata kilichoonekana mara nyingi zaidi katika maandishi iliyofunzwa nayo, na kwa nusu sekunde siri ya beti zima itakuwa imetoka nje. Mfasiri mwanadamu akifika hapo husimama, hushika kalamu, humtafuta mtunzi amuulize, au hutafuta njia ya kuzunguka. Kusimama huko ndiko kazi yenyewe ya tafsiri, na ndiko simu hii inajivunia kukuondolea.

Kipengele cha kubadili ujumbe uwe wa adabu kinanipa shida zaidi. Kwetu sisi adabu haipakwi juu ya sentensi kama rangi juu ya ukuta uliokwisha kujengwa. Iko ndani ya neno la kwanza. Mtu anayeingia dukani Tanzania na kusema nipe sukari, na yule anayesema naomba sukari, hawakuandika sentensi moja kwa mitindo miwili, wamelelewa tofauti. Ujumbe kwa mzee huanza na shikamoo, kisha hali ya nyumbani, kisha ndipo haja inachungulia mlangoni na kupiga hodi. Ukimwachia mashine kazi hiyo, utapata ujumbe wa adabu ulioandikwa na mtu asiye nayo. Mzee atakaposhukuru, atakuwa anamshukuru nani?

Kibodi ya simu ninayotumia sasa, ambayo si ya bei hiyo wala si ya kampuni hiyo, imenifundisha subira katika jambo hili. Nikiandika kina, inaandika kind. Nikiandika beti, inanipa bet, kana kwamba ninacheza kamari. Nimeifundisha mamia ya maneno, na bado kila ikipata toleo jipya husahau baadhi. Nina mashairi mawili niliyowahi kuyatuma yakiwa na Kiingereza ambacho sikukitunga.

Wakati huohuo, simu iliyoutumikia ushairi wa Kiswahili kuliko zote katika maisha yangu ilikuwa ya bei ya chini kabisa. Ujumbe mfupi wa maandishi una nafasi 160. Kiwango hicho kilitokana na mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, ambaye mwaka 1985 mjini Bonn alikaa na taipureta yake, akaandika sentensi za kawaida, akahesabu herufi, akaona 160 zatosha. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Sidhani kama bwana yule alikuwa na tarbia akilini, lakini tazameni ajabu: beti moja ya tarbia ya mizani kumi na sita ina mizani 64, na kwa kuwa silabi zetu nyingi ni konsonanti moja na irabu moja, beti hilo likiandikwa kwa nafasi na alama zake huangukia karibu na herufi 150. Yaani linaingia. Nimetunga hili kwa ajili ya ushahidi:

Ewe simu ya thamani, nina la kuulizia,
Wazijua lugha gani, za watu kutumikia?
Yangu haimo kundini, na wengi waitumia,
Nikununue kwa nini, nawe hujanisikia?

Hesabuni wenyewe. Mimi nimepata 155, pamoja na nafasi, vituo na kuruka mistari. Zinabaki tano, hazitoshi hata kuandika jina lako. Ndiyo maana enzi zile za malumbano kwa ujumbe mfupi kila mtu alijulikana kwa mtindo wake wa tungo tu. Mshindani akituma beti lenye herufi 170, simu ililikata vipande viwili, naye akatozwa mara mbili. Aliyependa maneno marefu yenye konsonanti nyingi alilipia upenzi wake. Tulijifunza kubana bila kuvunja mizani. Nawajua watunzi wazuri wa leo ambao shule yao ilikuwa hiyo, kwenye kioo cha rangi ya kijani kibichi chenye mistari michache, vidole vikibonyeza namba saba mara nne ili kuipata herufi moja.

Na hapa kuna jambo la kilugha ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha. Simu zile zilipewa majina na watu. Tanzania tunasema kitochi, na wengine wakasema kiswaswadu, neno ambalo mpaka leo hunichekesha kila nikilisikia. Kenya wakaja na mulika mwizi, jina ambalo ni shairi la maneno mawili. Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na huku kwetu ilipata jina kwa sababu ililala nasi, ikatumulikia njia ya chooni, ikahesabu fedha za mauzo, ikapokea salamu za misiba. S24 Ultra ina herufi moja, tarakimu mbili na neno la Kilatini. Hakuna aliyeibatiza. Watu hulipa jina kitu wanachoishi nacho. Kile wanachokitazama kupitia kioo cha duka hukiita kwa jina la kiwandani. Hata neno simu lenyewe lilitufikia kutoka kwa Waajemi likiwa na maana ya waya, na kwao neno hilohilo ni fedha, ile madini nyeupe. Waya tumeuacha siku nyingi. Naona sasa tunarudishwa kwenye maana ile nyingine.

Lipo na suala la kazi. Baadhi yetu tunakusanya sauti za waghani wakongwe kabla hazijapotea. Kwa kazi hiyo simu hufaa sana, na nimeshuhudia kijana akirekodi utenzi mzima wa bibi yake kwa simu ya bei rahisi, sauti ikatoka safi kwa sababu alifunga madirisha na kumfukuza jogoo. Alipomaliza alichomoa kadi ya kumbukumbu akanipa, nikainakili, nikamrudishia. Simu ya milioni 3.25 haina nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Haina pia tundu la visikizi vya waya. Ukijaza hifadhi yake, unashauriwa kupandisha kazi zako mtandaoni, na huko nako kuna ada, na kuna bando. Kifaa ambacho kingekuwa ghala la tungo kimekuwa mlango wa ghala la mtu mwingine. Najua wapo watakaosema kadi ndogo hupotea na kuharibika, nao wamesema kweli. Lakini kadi ninaweza kuiweka katika bahasha na kumpelekea mwalimu kijijini ambako mtandao huja na kuondoka kama mvua za vuli.

Mshairi mmoja kijana, ambaye namheshimu kwa bidii yake, ameniandikia kwamba wazee tunaogopa kila kipya, na kwamba kama washairi wa Kiswahili hawatakuwa na vifaa bora hawatasikika duniani. Nimwambie kwa upole kwamba mimi si mwoga wa kipya; droo yangu imejaa chaja za simu ambazo kampuni zake nyingine zimekwisha kufa. Hoja yake ya pili ina ukweli ndani yake. Kamera nzuri na maikrofoni nzuri zimewapa watunzi wengi wasikilizaji ambao redio isingewapa. Ila tofauti ya kazi inayotoka kwenye simu ya laki nne na ile ya milioni tatu, kwa mtu anayeghani ameketi barazani, sijaiona kwa macho wala kuisikia kwa masikio, na nimejaribu kuitafuta. Tofauti ninayoiona ni kati ya aliyejifunza kughani na ambaye hajajifunza.

Hivyo jibu langu kwa mlioniuliza ni kwamba, kwa mtunzi wa Kiswahili, kwa bei hiyo, mwaka huu, sishauri. Mwenye fedha za ziada anayepiga picha kwa riziki yake anaweza kuwa na sababu zake. Nami nilikuwa nimeweka akiba kwa muda, kwa nia ya kubadili simu. Nilipopeleka makadirio kwa mpiga chapa, nikakuta akiba hiyo inakaribia gharama ya nakala mia tatu za diwani ndogo, karatasi ya kawaida, jalada la rangi mbili. Fundi amenibadilishia betri ya simu yangu ya zamani kwa bei ya nauli ya kwenda Tanga na kurudi, na sasa inakaa na chaji hadi jioni.

Kiswahili kikiingizwa katika orodha ile, nitakwenda dukani nikiwa na sentensi yangu ya mpenzi aliyeondoka bila kuaga. Nitamwomba kijana wa kaunta aniruhusu niisome mara moja kwa sauti, kisha nitasubiri nisikie Kiitaliano kimemfanya nani.